Daftari la Stoo

Mimi si mwanamuziki. Tuanze na hilo.
Mimi ni mwenye ufunguo,
na daftari hili la mraba, lililolowa
siku bomba lilipopasuka, ndilo ninalojua kulisoma.

Ukurasa wa kwanza una mistari miwili:
"Fidla, moja.
Fidla, moja, haina upinde."
Tulikuwa chumba cha nyuma, karakana ya Ombeva, Kariobangi.
Mwalimu Kageha alingoja mashine ya kuchomelea inyamaze,
akavuta uzi wa pili, akasema: La.
Watoto saba wakaangaliana.
La? Kwani tumefanya nini?
Akacheka hadi akakaa chini.
Hii ndiyo sauti ya kupatanishia, akasema.
Kila chombo huanzia kwenye la.

Ada haikuwepo. Haipo.
Lakini usidhani ni bure:
ukijua wimbo mmoja, tayari una mtu wa kumfundisha.
Madeni yetu nayaandika humu, kwa penseli:
"Munyiva anadaiwa na Halake, skeli moja.
Halake anadaiwa na Adongo, yule pacha,
namna ya kushika upinde bila kuukaba."
Deni hili halirudi lilikotoka.
Linalipwa kwa mtoto anayeingia leo
kamasi zikimtoka, akiuliza choo kiko wapi.

Mwaka wa nne, mistari ishirini na sita.
Selo ikaja kwa mkokoteni wa maji,
imelazwa kati ya mitungi kama mgonjwa.
Niliiziba ufa kwa gundi ya fundi viatu.
Mwalimu hakukasirika sana.

Mwaka wa sita, palipo na doa la chai:
"Fidla nambari 19. Imetoka. Haijarudi."
Niliifuata mlango kwa mlango hadi Korogocho.
Baba yake Ochola alikuwa ameiweka rehani
kwa kodi ya mwezi mmoja na unga.
Nikarudi nimefura. Kikao kikaingia giza.
Nilitaka jina likatwe, na nilisema hivyo mara mbili.
Adongo, miaka kumi na mmoja, akauliza:
Tukikata jina, fidla itarudi?
Tukachanga.
Kiti cha Ochola kilikaa kitupu wiki tatu,
hakuna aliyekigusa, hata siku ya wageni.
Aliporudi alishika ufagio kabla ya salamu.
Hakuna aliyemtuma.

Na wageni wale.
Walileta karatasi yenye picha ya piano,
nyeusi, ndefu kuliko stoo yangu.
Walitaka kitu kidogo tu:
watoto wavue viatu, wapigwe picha jaani,
fidla mabegani.
Viatu ambavyo mama zao walivipiga kiwi usiku.
Mimi, nisifiche, nilikuwa nimeshafungua daftari,
nimeandika: "Piano, mo"
Mwalimu aliwatazama. Akasema: La.
Na nyuma yake watoto arobaini,
waliosikia walichozoea kusikia,
wakainua pinde, wakazivuta,
la moja, ndefu, isiyopinda,
hadi Ombeva akazima mashine.
Wageni wakapiga makofi.

Sasa tuna chumba chetu, na cha pili juu yake.
Mistari mia moja na minne.
Munyiva anafundisha selo, ile ile ya gundi.
Halake ni fundi bomba; Jumamosi huja na mwanawe.
Piano hatuna. Tuna kinanda
ambacho fa yake hutoka ikipenda.
Mvua ikipiga mabati tunanyamaza,
tunahesabu kwa vidole, tunaendelea.

Mstari ule sikuufuta.
Watoto wapya huuona wakija kutia sahihi,
wananiuliza: Mzee, hapa kalamu iliisha wino?
Hapana, nasema.
Hivyo ndivyo la inavyoandikwa.
Haya, upinde wako uko wapi?